Mkutano mkuu wa kijiji ni nini?

Kwa Tanzania, mkutano mkuu wa kijiji ni chombo cha wakazi wote wa kijiji waliotimiza miaka 18. Hakuna kadi ya chama inayotakiwa wala kuteuliwa na mtu. Ukishakuwa mkazi na umri umefika, wewe ni mjumbe, hata kama hujawahi kukanyaga mkutanoni. Wengi hudhani wajumbe ni wale wanaokaa meza ya mbele. Hao ni halmashauri ya kijiji, watu 15 hadi 25, nao wanawajibika kwa mkutano.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982 inaufanya mkutano huu kuwa mamlaka ya juu katika sera za kijiji, na unatakiwa kukaa angalau mara moja kila miezi mitatu. Mwenyekiti wa kijiji anauongoza, na mtendaji wa kijiji, ambaye ni mwajiriwa, anaandika muhtasari. Ajenda tunazijua: kufungua, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, mapato na matumizi, mengineyo.

Watu huchelewa wakitegemea mengineyo, kumbe uzito uko kwenye yatokanayo. Hapo ndipo unapouliza: tulikubaliana darasa liezekwe, tukachanga, mabati yako wapi? Na mapato na matumizi yakisomwa haraka haraka, mjumbe ana haki ya kuomba yarudiwe taratibu, fungu kwa fungu.

Jambo zito kuliko yote ni ardhi. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia mtu ardhi bila mkutano mkuu kuridhia. Hata Serikali ikitaka kuihamisha ardhi ya kijiji kwa maslahi ya umma, kwa eneo lisilozidi hekta 250 mkutano ndio unaokubali au kukataa. Mwekezaji akija na ahadi za zahanati na kisima, anayeamua ni mama aliyekaa kwenye kanga chini ya mwembe, sawasawa na mwenyekiti. Kwa hiyo nasisitiza akina mama na vijana wasiachie wazee peke yao kikao cha ardhi. Shamba likishaondoka, watakaokosa pa kulima ni wao.

Angalia pia karatasi ya mahudhurio. Unaposaini, hakikisha juu yake pameandikwa tarehe na ajenda za siku hiyo, kwa sababu karatasi tupu yenye saini inaweza kubandikwa kwenye muhtasari wowote. Muhtasari wenyewe usubiri kwenye kikao kinachofuata, usomwe kwa sauti, na pale palipoandikwa jambo ambalo halikuamuliwa, nyoosha mkono lirekebishwe kabla haujathibitishwa.

Miezi mitatu ikipita kimya, wakazi kadhaa waandike barua kwa mwenyekiti kuomba mkutano uitishwe, nakala kwa mtendaji wa kata, na wabaki na nakala yao iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.