Minazi mingi si dalili ya atoli yenye afya

Kila ninapoeleza kazi ya kurudisha misitu ya visiwa vya matumbawe vya Pasifiki, yaani atoli, naulizwa: "Sasa minazi mnaikata ya nini?" Kwa mtu wa Tanga au Mombasa swali lina uchungu, maana kwake mnazi ni mali. Uchungu huo naujua. Ila jibu naomba lisikilizwe hadi mwisho.

Dhana: Minazi ikizidi, kisiwa kimestawi

Hapana. Tazama Palmyra, atoli iliyo kusini mwa Hawaii. Minazi ilipandwa huko kwa ajili ya mbata, kisha ikaachwa itawale. Ikaisonga miti ya Pisonia na Heliotropium, ambayo matawi yake ndiyo bubi wa miguu myekundu, ndege wa baharini, hujengea viota. Kuti huyumba na halina panda ya kushika kiota, kwa hiyo ndege huukwepa mnazi. Ndege wakihama, kinyesi chao nacho kinakosekana, na kwenye mchanga wa chokaa hicho ndicho mbolea: nitrojeni na fosforasi zilizovuliwa bahari kuu. Watafiti waliufuata mnyororo huo mpaka majini. Kando ya msitu wa asili, mvua huteremsha rutuba baharini, planktoni (viumbe vidogo mno vinavyoelea majini) huongezeka, na samaki taa wakubwa aina ya manta huja kula. Kando ya minazi, rutuba hiyo ni haba.

Hakuna anayetaka minazi ikatwe Kiribati, nchi ya visiwa vya Pasifiki, ambako watu huila na kuigema kama pwani yetu. Palmyra haina kijiji. Ni makao ya ndege.

Dhana: Panya hawana athari kwa miti

Wanayo. Palmyra walikuwa wakitafuna mbegu na miche. Walipomalizwa huko mwaka 2011, miche ya Pisonia ikachipua kwa wingi. Minazi nayo ikachipua, ndiyo maana panga bado linahitajika.

Dhana: Atoli haina maji baridi

Yapo. Maji ya mvua huzama mchangani yakaelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi kuliko hayo ya chumvi. Wakiribati huchimba mashimo hadi kwenye maji hayo baridi na kupanda babai, jamaa wa magimbi.

Dhana: Majani makavu ni taka, yachomwe

Tafadhali acheni! Mchanga wa matumbawe peke yake haushiki kitu. Majani yanayooza ndiyo hushika maji na rutuba. Ukiyachoma kisha ukanunua mbolea ya dukani, mvua itaipeleka moja kwa moja kwenye maji ya kisima. Yarundike kuzunguka mti, mbali kidogo na gome, uyaache.