Alama za vinasaba zilizoazimwa: dhana potofu kuhusu mbuni na ndugu zake wa mwituni

Mbuni wa arabika una kromosomu 44 kwa sababu ulitokana na kuchanganyika kwa spishi mbili zenye kromosomu 22 kila moja: robusta na *Coffea eugenioides*, ambao ni mbuni mwitu unaopatikana Uganda, Rwanda, Burundi na nchi jirani. Kwa ajili ya udugu huo, alama za vinasaba (sehemu za DNA zinazotumiwa kutofautisha mmea na mmea) zilizotengenezwa kwa kahawa ya shambani huazimwa kuchunguza mibuni ya porini.

Dhana: Kila spishi lazima itengenezewe alama zake.
Si lazima. Mikrosatelaiti ni mahali ambapo herufi chache za DNA hujirudia mfululizo, kama GAGAGAGA. Idadi ya marudio hutofautiana kati ya mmea na mmea, lakini herufi zilizo pembeni hubadilika polepole, hivyo kipande cha herufi 20 hivi kilichoundwa kunasa hapo kwa arabika mara nyingi hunasa pale pale kwa ndugu yake. Udugu ukiwa wa mbali, alama zinazofaa hupungua.

Dhana: Alama ikionyesha tofauti chache, basi spishi hiyo haina anuwai.
Kosa hili ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa kuwa linaweza kuuondoa msitu kwenye orodha ya kuhifadhiwa. Chukua mbuni mwitu uliorithi nakala mbili tofauti, moja ya baba na moja ya mama. Herufi moja ikiwa imebadilika mahali pa kunasia kwenye nakala ya mama, nakala hiyo inaweza isionekane kabisa. Hapo kwenye jeli, ambamo vipande vya DNA hutenganishwa kwa urefu na kuonekana kama mistari, utatokea mstari mmoja, na mmea utahesabiwa kuwa nakala zake zinafanana. Isitoshe, alama hizo ziliteuliwa kwa kuwa zilitofautiana vizuri kwenye kahawa ya shambani, na hakuna kinachozilazimu kutofautiana vivyo hivyo kwingine. Kabla ya kulinganisha spishi, kila alama ijaribiwe upya, na zinazokosa majibu mara kwa mara ziachwe.

Dhana: Mistari ya vipande vyenye urefu sawa ina asili moja.
Marudio huongezeka na kupungua, kwa hiyo nasaba mbili zinaweza kufikia urefu uleule kila moja kwa njia yake.

Dhana: Tukishajua vinasaba, itatosha kuweka mbegu ghalani.
Mbegu za kahawa hazivumilii kukaushwa na kugandishwa kama za mahindi, kwa hiyo mkusanyiko hutunzwa zaidi kama miti hai, inayohitaji ardhi na palizi mwaka hadi mwaka. Tathmini iliyotolewa mwaka 2019 ilionyesha kuwa spishi 75 kati ya 124 za kahawa zimo hatarini kutoweka, na nafasi shambani ni finyu. Hapo ndipo alama za kuazima zinapofaa hasa: zikibainisha kwamba miti kadhaa inakaribiana mno kinasaba, baadhi inaweza kupisha miche ya kichaka ambacho bado hakijawakilishwa.