Mrehani uwe juani, mkasi uwe mkononi

Wiki iliyopita mteja aliniletea mrehani wake: vijiti viwili virefu kama ufito, majani machache nchani, ya chini yote yamepukutika. Alikuwa ameuweka barazani kivulini, anaumwagilia asubuhi na jioni, usije ukaungua. Nilipochomeka kidole, udongo ulikuwa matope na umeanza kunuka.

Jamani, mrehani ni mmea wa juani. Unataka jua lisilopungua saa 6 kwa siku, na hapa pwani hilo tunalo. Kivulini hurefuka kulitafuta, na harufu hufifia. Majani yakilegea adhuhuri, usikimbilie maji. Yakisimama yenyewe jioni, haukuwa na kiu. Mwagilia asubuhi, shinani, udongo ukishakauka juu. Mchanga wetu hupitisha maji vizuri ila hauna chakula, kwa hiyo mimi hutia karai moja la samadi iliyooza kwa makarai mawili ya udongo.

Mbegu zipandwe kavu. Zitie chache kwenye bakuli la maji uone sababu: baada ya dakika chache kila punje nyeusi imejivika utelezi, kama zile za kwenye faluda, na zimegandana. Nyunyiza juu ya udongo, funika kidogo tu. Kwa joto letu huota ndani ya siku 5 hadi 10.

Sasa mkasi, na hapa ndipo wengi wanapouonea mmea huruma. Shina la mrehani lina pembe nne, na majani hukaa mawili mawili yakitazamana. Chungulia kwapani mwa kila jani: pana kichipukizi, kidogo kuliko punje ya mtama. Mche ukifikisha jozi nne za majani, kata juu kidogo ya jozi ya pili. Vichipukizi vile viwili vitakuwa matawi mawili, nayo utayakata vivyo hivyo. Usipokata, utapata ufito.

Wapishi husema maua yaondolewe yote, maana mmea ukichanua nguvu huenda kwenye mbegu, majani yakawa madogo na shina likakomaa kama kuni. Kwa jikoni, sawa kabisa. Lakini sisi mrehani tunautaka kwenye kikuba, kile kifungu cha maua ya kunukia cha kujipamba, pamoja na asumini na mkadi, na kwangu mimi kikuba bila kishada cha mrehani kilichochanua hakijakamilika. Ndiyo maana nina matuta mawili. Moja nalikata kila wiki, la pili naliacha lichanue, na nyuki hawaliachi. Kishada kikate asubuhi, umande ukishakauka, maua ya chini yakiwa yamefunguka na ya nchani bado. Vichache viache vikauke mtini kwa ajili ya mbegu.

Vile vijiti vya mteja nilivikata vipande vya nchani, nikaondoa majani yake ya chini, nikavitia vipande hivyo kwenye glasi ya maji dirishani. Leo ni siku ya nane. Kimoja kimetoa vijizizi vyeupe, urefu wa ukucha. Cha pili nakingoja.