Mfumuko wa bei umeshuka, mbona sukari bado iko juu?

Takwimu nyingi zinazotajwa majukwaani ni sahihi. Kinachopotoshwa ni maana yake, na wanaoumia ni wapiga kura.

Dhana: Mfumuko wa bei ukishuka, bei nazo zimeshuka.

Hapana. Mfumuko ni kasi ya bei kupanda. Tuseme kilo ya sukari ni shilingi 2,000. Mwaka wa kwanza ikipanda kwa asilimia 10 inafika 2,200. Wa pili ikipanda kwa asilimia 5 inafika 2,310. Mgombea atatamba kwamba mfumuko umepungua kwa nusu, na kwa hesabu yuko sawa, lakini mama ntilie kaongeza shilingi 110 kwa kilo ileile. Anayeijua tofauti hiyo na bado akapokea makofi anawadanganya watu kwa makusudi.

Isitoshe, mfumuko huo ni wa kapu zima: chakula, nauli, kodi ya nyumba, mavazi. Kaya ambayo kipato chake karibu chote kinaishia kwenye unga na mafuta ya kula inaweza kuumia zaidi kuliko wastani unavyoonyesha. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutoa mfumuko wa vyakula peke yake pia. Mdai mgombea wako autaje huo.

Dhana: Tukiingia uchumi wa kati, umaskini umetutoka.

Julai 2020 Benki ya Dunia iliiweka Tanzania kwenye uchumi wa kati wa chini, kwa kuwa pato la taifa kwa kila mtu mwaka 2019 lilifika dola 1,080. Kizingiti kilikuwa dola 1,036. Ni hatua ya kweli, ila ni wastani: mwenye mgodi na mkulima wa jembe la mkono wamejumlishwa, kisha wakagawiwa sawa kwenye karatasi. Hata mgawo huo wa karatasi haufiki dola 3 kwa siku.

Dhana: Pato likiruka ghafla, uchumi umekua ghafla.

Septemba 2014 pato la Kenya la mwaka 2013 liliongezeka kwa takriban asilimia 25, kwa sababu mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupimia pato, ulihamishwa kutoka 2001 hadi 2009 na shughuli nyingi zaidi zikahesabiwa. Marekebisho ya aina hiyo ni halali na ya lazima. Lakini deni nalo, likipimwa kwa pato hilo jipya, huonekana dogo bila hata shilingi moja kulipwa.

Dhana: Kuhoji takwimu za serikali ni kosa la jinai.

Hofu hii ilitokana na marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya Tanzania ya mwaka 2018. Mwaka 2019 Bunge liliyalegeza. Uliza.