Kituo cha pamoja cha jamii: kuunganisha huduma ni jambo moja, kuzipunguza ni jingine

Kituo cha pamoja cha jamii ni jengo ambamo huduma mbili au zaidi, ambazo kwa kawaida zingekuwa na majengo yake, zinakaa chini ya paa moja, zina uongozi mmoja na zinagawana baadhi ya vyumba. Maktaba na ukumbi wa mikutano. Kliniki ya watoto na klabu ya wazee. Ofisi ya mtaa na chumba cha kompyuta. Maana yake inaishia hapo, na hakuna mahali inapotaja kufunga chochote.

Siku hizi kila mpango wa kufunga maktaba, kuuza ukumbi na kujenga jengo moja jipya unabatizwa jina hili, na mkazi anayeuliza maswali anaambiwa kwamba anapinga ushirikiano au kwamba amezoea majengo chakavu. Ni jibu lisilo la haki. Mara nyingi anachouliza ni hesabu, na hesabu hiyo haijafanywa.

Dhana yenyewe ilianza kama nyongeza. Mwaka 1924 Henry Morris, aliyesimamia elimu katika jimbo la Cambridgeshire nchini Uingereza, aliandika waraka uliopendekeza kwamba vijiji vipate jengo moja lenye shule, maktaba, ukumbi na madarasa ya jioni ya watu wazima. La kwanza lilifunguliwa Sawston mwaka 1930. Wanakijiji hawakuwa na huduma hizo zote; kuziweka pamoja ndiko kulikoziwezesha kuwapo. Baadaye ndipo dhana ileile ilipoanza kutumiwa kwa mitaa ambayo tayari ina kila kitu, kila kimoja mahali pake, na hapo maana ikageuka bila jina kubadilika.

Kubadilisha majengo si kosa. Mtaa wa Tower Hamlets mjini London, kuanzia mwaka 2002, ulijenga vituo vilivyoitwa Idea Store kuchukua nafasi ya maktaba za zamani, vikiunganisha vitabu na masomo ya watu wazima. Vilijengwa karibu na masoko na maduka, mahali ambapo watu tayari hupita. Hayo ni mabadiliko yenye hoja: eneo lilichaguliwa kwa kufuata nyayo za watumiaji. Tatizo linaanza pale eneo linapochaguliwa kwa sababu ndicho kiwanja pekee ambacho hakina mnunuzi.

Tofauti inayosahaulika kuliko zote ni ile iliyopo kati ya saa za kufungua jengo na saa za chumba. Tuchukue mfano wa kukadiria. Mtaa una kumbi tatu ndogo, kila moja iko wazi saa 40 kwa wiki. Kituo kipya kitakuwa na ukumbi mmoja ulio wazi saa 70. Tangazo litasema muda unaongezeka kutoka saa 40 hadi 70, na sentensi hiyo ni kweli. Lakini kumbi tatu zilitoa saa 120 za chumba, na mpya unatoa 70. Zimepotea 50, zaidi ya theluthi moja.

Jioni ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu jioni ndipo watu wanapotoka kazini na watoto wanapotoka shule. Hesabu saa nne kila jioni, siku tano: chumba kimoja kinatoa saa 20, vitatu 60. Ukumbi mmoja unabaki na 20 zilezile hata ukifunguliwa alfajiri. Sasa toa muda wa kubadilisha mpangilio. Kukunja viti mia moja, kufagia na kutandika magodoro ya mazoezi kunachukua kama nusu saa ikiwa wapo watu wa kufanya hivyo. Jioni yenye vikundi viwili inapoteza nusu saa hiyo kila siku, na saa 20 zinakuwa 17 na nusu. Kwaya, ngumi, kikao cha wazazi na mafunzo ya kusoma vyote vinataka saa moja jioni ya Jumanne. Hapo ratiba inatawaliwa na anayelipa zaidi, na kikundi kilichokuwa kikitumia chumba bure kinasogezwa Jumatano saa nane mchana, wakati ambao hakina mwanachama hata mmoja.

Kinachofuata ni lile neno "matumizi mengi". Chumba hakiwi cha matumizi mengi kwa kuandikwa hivyo mlangoni. Vipimo ndivyo vinavyoamua. Uwanja wa mpira wa wavu ni mita 18 kwa 9, na kanuni zinataka angalau mita 3 za wazi kila upande na mita 7 za wazi kwenda juu. Hiyo ni sakafu ya mita 24 kwa 15, yaani mita za mraba 360. Ukumbi wa mikutano wenye dari ya mita 4 hauchezewi mpira wa wavu, hata mkiazima neti. Kinyume chake pia ni kweli: ukumbi wa michezo wenye dari ndefu, kuta ngumu na sakafu ngumu unarudisha sauti kiasi kwamba mzee mwenye kifaa cha kusaidia kusikia hatambui neno analoambiwa. Dawa ipo, nayo ni vibao vya kufyonza sauti kwenye kuta na dari, ila viwe kwenye mchoro tangu mwanzo.

Sauti kati ya vyumba ina mitego miwili. Ukuta wa kukunja unapimwa maabara na kupewa alama nzuri, kisha unafungwa kwenye jengo ambalo nafasi iliyo juu ya dari haijazibwa, na sauti inapita huko juu. Pia inapita chini, pale ambapo mpira wa kuzibia umelika. Mtego wa pili ni mpira unaodunda: mshindo wake unasafiri ndani ya zege lenyewe, kwa hiyo kuongeza unene wa ukuta wa maktaba hakusaidii. Inatakiwa sakafu iliyotenganishwa na zege, au maktaba isiwekwe chini wala kando ya chumba cha michezo. Ukiangalia mchoro na kuona vyumba hivyo viwili vimeshikana, uliza hilo kabla ya swali lingine lolote.

Halafu stoo. Kila kikundi kinachohamia kinakuja na vitu: meza, ngoma, vifaa vya watoto, majalada, sufuria. Stoo ndiyo hukatwa kwanza gharama zinapopanda, kwa kuwa kwenye mchoro inaonekana kama nafasi isiyo na kazi. Kikundi kisicho na stoo kinabeba vitu vyake kila wiki hadi kinachoka.

Umbali nao huelezwa kwa duara kwenye ramani. Duara hupima njia ya ndege. Kwa miguu, kwenye barabara za kawaida, ongeza takriban asilimia 30: mita 800 za ramani zinazidi kidogo kilomita moja, na penye reli, mto au barabara kuu isiyo na kivuko zinazidi sana hapo. Anayesukuma kiti cha magurudumu au kushika mtoto mkono hatembei kwa kasi aliyokadiria mchoraji.

Swali la mpangilio wa kazi nalo lina uzito wake. Kama fedha za kujenga zinatokana na kuuza viwanja vya zamani, ni lazima majengo ya zamani yaachwe kabla jipya halijakamilika. Katikati kuna pengo. Vikundi vya kujitolea haviwezi kusubiri mwaka mzima bila pa kukutania. Walimu wao wanapata kazi kwingine na wanachama wanatawanyika. Kwa hiyo dai la wakazi kwamba ukumbi usifungwe hadi mpya ufunguliwe lina msingi wa kiutendaji kabisa, na pale lisipowezekana, mahali pa muda panapaswa kutajwa kwa anwani na kwa tarehe.

Kuhusu kukusanya maoni, sheria ya Uingereza ina kipimo kinachofaa kuazimwa popote. Tangu kesi ya Gunning ya mwaka 1985, inatakiwa watu waulizwe uamuzi ukiwa bado haujakamilika, wapewe maelezo ya kutosha, wapewe muda wa kutosha, na majibu yao yafikiriwe kwa dhati. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliona kwamba halmashauri ya Haringey ilikosea ilipowauliza wakazi kuhusu mpango mmoja wa nafuu ya kodi bila kuwaeleza njia nyingine ambazo ilikuwa imezikataa. Fomu inayouliza "ungependa mkahawa au bustani kwenye kituo kipya?" imeshajibu swali kubwa kwa niaba ya mjibu.

Wakazi nao wanachanganya maneno. Maktaba inayohama na vitabu vyake, wakutubi wake na saa zake za jioni haijafungwa, na kusema imefungwa kunawapa wapangaji sababu ya kupuuza malalamiko mengine yaliyo ya kweli. Iliyofungwa ni ile iliyobaki rafu mbili kando ya mapokezi, mkutubi akiwa amegeuzwa mtu wa kupokea simu.

Basi tukubaliane kutumia jina kwa uangalifu. Jedwali la kila chumba kinachoondoka na kila kinachokuja, likiwa na mita za mraba, urefu wa dari, saa za jioni, stoo na ada ya kukodi, likionyesha kwamba watu wanapata kiasi kilekile au zaidi, huo ni mradi wa kituo cha pamoja. Likionyesha pungufu, ni mradi wa kupunguza majengo. Huenda upungufu huo una sababu nzuri, labda paa linavuja na fedha za kulitengeneza hazipo. Sababu hiyo iandikwe kwenye ukurasa wa kwanza, na mradi uitwe kwa jina hilo.