Maji ya Ziwa Victoria: tunayoamini na yaliyo kweli

"Ziwa ni kubwa, uchafu utapotelea humo." Hakuna dhana iliyoliumiza Ziwa Victoria kuliko hii. Ni kubwa kweli, kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini maji yake mengi huletwa na mvua inayolinyeshea lenyewe, na mengi huondoka kwa kugeuka mvuke. Pa kutokea ni mahali pamoja tu, Mto Nile pale Jinja. Mvuke haubebi fosforasi, kirutubisho cha mimea kinachoingia na mbolea na majitaka. Hiyo hubaki ziwani. Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu, huumia zaidi: kina chake ni kifupi, na maji yake huchanganyika polepole na ya ziwa kuu.

Wengine husema kiwanda kikifaulu kipimo, mto uko salama. Kanuni za Kenya za mwaka 2006 kuhusu ubora wa maji zilitaka majitaka yanayomwagwa yasizidi miligramu 30 za BOD kwa lita, yaani oksijeni ambayo bakteria hutumia kuozesha uchafu uliomo. Hicho ni kipimo cha bomba. Mabomba matano yanaweza kufaulu yote, na bado mto mdogo ukaishiwa oksijeni wakati wa kiangazi, samaki wakafa. Anayetaka kuujua mto aupime mto wenyewe, kiangazi na masika. Tena mbolea inayosombwa na mvua kutoka mashambani haipiti kwenye bomba lolote.

Magugu maji nayo hulaumiwa kana kwamba ndiyo chanzo. Yang'olewe, naam, lakini yanastawi kwa naitrojeni na fosforasi tunazoyalisha; zisipopungua, yataota tena.

Dhana inayonitia hofu kabisa ni kwamba ukichemsha maji umemaliza. Kuchemsha huua vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo, kwa hiyo usiache. Ila ule ukijani unaotanda ghubani ni sainobakteria, na baadhi yake hutoa maikrosistini, sumu inayodhuru ini. Moto wa jikoni hauivunji sumu hiyo. Joto huzipasua seli na kuimwaga zaidi majini. Kwa maji yanayonywewa maisha yote, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha mikrogramu 1 tu kwa lita. Maji yakionekana kama yamemwagiwa rangi ya kijani, usichote hapo, wala usinyweshe mifugo, na watoto wasiogelee.