Linki yako inavyoonekana kwenye grupu la WhatsApp

Wateja wanaotaka tovuti karibu wote huniomba vitufe vya kusambaza: Facebook, X, LinkedIn, vyote vipangwe pembeni mwa makala. Wakisisitiza naviweka. Lakini hapa Dar msomaji akipenda kitu hana habari na kitufe. Anakopi linki, anaibandika kwenye grupu la ukoo au la kazini, basi.

Akiibandika WhatsApp, simu yake ndiyo inayokwenda kwenye ukurasa wako kuchukua kichwa, maelezo mafupi na picha. Vitu hivyo inavikuta kwenye tagi za Open Graph, yaani mistari iliyofichwa ndani ya msimbo wa ukurasa, mfumo ulioletwa na Facebook mwaka 2010: og:title, og:description na og:image. Simu za wanaopokea haziendi popote, zinaletewa kilichokwisha kufungashwa. Kwa hiyo tovuti ikiwa nzito na mtandao unasuasua, mtumaji anabonyeza kutuma kabla picha haijafika, na grupu zima linaona maandishi ya bluu matupu. Nani abofye hayo siku hizi, matapeli walivyojaa?

Picha ya kadi, yaani kile kiboksi cha picha na kichwa kinachotokea na linki, huwa naitengeneza kwa pikseli 1200 kwa 630, kisha naibana isizidi KB 300. Ile ya MB 4 iliyotoka kwenye kamera moja kwa moja mara nyingi haitokei kabisa. Maandishi na sura viwe katikati, maana kadi ndogo hukata pembeni. Na ukibadilisha picha baadaye, Facebook inaweza kuendelea kuonyesha ya zamani hadi uipitishe linki kwenye Sharing Debugger, zana yao ya kukagua linki.

Halafu kuna suala la bando. Mwenye bando la mitandao ya kijamii peke yake anachati kutwa nzima, ila akibofya linki yako ametoka nje ya bando, na kama hana MB za kawaida ukurasa haufunguki. Ndiyo maana sipendi vichwa vya kuficha habari. Badala ya "Hutaamini bei ya betri wiki hii", andika bei yenyewe kwenye og:description. Asiyeweza kufungua leo atakuwa ameijua bei, na mwenye MB atafungua aone duka liko wapi.

Wageni wanaotoka WhatsApp, Google Analytics, zana ya kuhesabu wageni wa tovuti, huwaandika wengi wao Direct, kana kwamba wamechapa anwani kwa mkono. Kitufe kimoja ninachokitetea ni cha WhatsApp, kinachotumia wa.me/?text=, anwani inayofungua WhatsApp na ujumbe ukiwa tayari, na linki iliyofungwa utm_source=whatsapp, alama inayoiambia Analytics mgeni katoka wapi. Hakitawanasa wote, ila walau unaona dalili.

Usitegemee linki ikimbie yenyewe miezi na miezi. Tangu Januari 2019 WhatsApp inaruhusu kufowadi kwa watu au magrupu matano tu kwa mara moja, na tangu Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kufowadiwa sana unakwenda kwa mmoja mmoja. Anayekuja mara ya kwanza mpe njia ya kurudi. Mimi naweka Chaneli ya WhatsApp, iliyoanza 2023. Anayeifuata namba yake haionekani kwa wafuasi wenzake, na hilo huwatuliza wengi. Mwaliko nauweka chini ya aya ya mwisho, mstari mmoja. Yale madirisha yanayoruka usoni sekunde ya kwanza, kwenye simu ndogo yanaziba ukurasa wote na alama ya kufungia haionekani, kwa hiyo mgeni anarudi zake kwenye grupu.